Kitabu cha Lindo

Mkuu mpya wa wanafunzi aliingia Januari
na ramani ya mabweni chini ya kwapa.
Akachora duara jekundu pale penye disko la Ijumaa,
ghorofa ya pili, upande unaotazama barabara ya Barani,
akatuambia sisi walinzi sita:
"Huu ndio ugonjwa. Ninyi ndio sindano."

Tukapewa tochi, filimbi,
fulana zenye neno NIDHAMU mgongoni
(yangu ilinibana)
na kitabu hiki cha mistari ya buluu,
safu nne: saa, jina, kosa, hatua.

Nikaandika.
Saa tano u nusu: Thoya Kitsao, spika mbili, zimetwaliwa.
Saa saba: wasichana wanne, ukuta wa nyuma.
Mmoja alijiita Malkia wa Sheba,
nami nikamwandika hivyo hivyo, kwa herufi kubwa.
Saa nane kasoro: madumu matatu ya mnazi, yamemwagwa.

Sikuandika kwamba baba yangu alikuwa mgema, kule Ganda,
kwamba najua dumu moja ni kukwea mara ngapi,
na visigino vyake vilivyopasuka.
Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Akimwagiwa je? Sijasikia msemo.
Nilimwaga nikiwa nimegeuza uso.

Kufikia Machi bweni lilinyamaza.
Mkuu akasimama mkutanoni akasoma takwimu,
akapigiwa makofi, nasi tukapewa soda.
Lakini kelele haifi, huhama.
Iliruka ua, ikapanga chumba Muyeye,
huko ambako tochi yangu haina amri,
ambako mwenye nyumba anaishi Mombasa
na choo kiko nje, gizani,
hatua kumi kutoka machimbo ya mawe.

Usiku wa tarehe kumi na nne
nilikuwa langoni nabandua muhogo.
Tuktuk ikaja, taa imezimwa.
Ndani, Umazi Kombe, mwaka wa kwanza,
shingo imelegea, kiatu kimoja.
Wenzake wawili wakashuka, wakaniona,
wakapanda tena.
"Twende kwingine," mmoja alisema,
"huyu ataandika."

Huyu. Mimi.
Mwenye kilo hamsini na saba na filimbi.
Dereva alikuwa ameshaanza kukata kona,
na kwingine, saa tisa ya usiku, ni wapi?

Nilishika chuma cha tuktuk kwa mikono miwili.
Tulimshusha, tukamlaza ubavu juu ya saruji,
na kwa kuwa hapakuwa na mto
nilimwekea kitabu chini ya shavu.
Akatapika Februari yote na nusu ya Machi.
Sikuwahi kuifurahia sauti mbaya kiasi kile.

Gari la hospitali lilikuja alfajiri.

Mkuu alikifungua kitabu Jumatatu,
kimekauka, kimevimba, kinanuka.
Akauliza nini hiki.
Nikamweleza.
Akafungua dirisha. Akakaa kimya muda mrefu,
akicheza na kifuniko cha kalamu yake nyekundu.
Hakuniomba radhi, wala sikuitaka.
Jioni ubao wa lango ulikuwa na karatasi,
mwandiko wake mwenyewe, wino mzito:
AMLETAYE MGONJWA HAANDIKWI.

Tangu hapo sijui niseme tumeshinda au tumeshindwa.
Thoya amerudishiwa spika moja kati ya mbili,
inalia mpaka saa tano, kisha analalamika, kisha anazima.
Wiki iliyopita waliletwa watatu.
Mwezi mzima wa Machi hakuletwa hata mmoja,
na ndio mwezi uliopigiwa makofi.

Umazi hupita langoni asubuhi na vitabu vyake.
Hanisalimu. Hanijui, au ananijua mno.
Kiatu chake cha kushoto kilidondoka saruji ile ile,
nimekiweka kibandani, nyuma ya birika.
Kila siku nasema leo nitampa,
kila siku naona viatu vipya miguuni mwake
na namna anavyoharakisha akifika hapa,
nami nainama,
najifanya naandika.