Safari ya Kulipia

Nimemlipa Nahodha Ntakije elfu themanini,
mafuta juu yangu, chambo juu yake.
Tukatoka Kibirizi kabla ya adhana,
karabai za wavua dagaa zikizimwa
moja moja huko mbele.

Mimi wa Tanga. Nikauliza: maji hupwa saa ngapi?
Akacheka mpaka akaachia usukani.
"Onja."
Nikaonja. Nikaona haya kidogo,
kama niliyemwamkia mtu kwa jina la nduguye.

Hana ramani.
"Ule mwamba ukiuficha mnara wa simu, shusha."
Nikashusha.

Saa mbili kasoro mshipi ukanikata kidole:
kuhe, wa manjano, mzito kama ndoo ya kisimani.
Nilishaanza kumpanga kwenye sufuria
Ntakije alipoinama ubavuni, akatazama chini:
vitoto, wingu zima,
vikizunguka pale alipokuwa.

"Huyu analea. Mrudishe."

Nikamwambia nimelipa.
Akachomoa elfu ishirini, zimelowa,
akazibandika kwenye ubao kati yetu,
wala hakuniangalia.

Kuhe akakaa viganjani mwangu
kama anayehesabu vidole,
kisha akashuka.

Zile pesa tulinunulia migebuka, pale pale mwaloni.
Aliichagua yeye.