Kubeba si Kusoma

Saa nane usiku. Olomouc, theluji ya pili.
Tramu zimekwisha kulala bandani mwao
na Drahomíra, soksi juu ya soksi,
anasoma daftari la seva ya hospitali
kama mtu anayechambua mchele gizani.

Neno moja limejirudia mara mia nne na sita:
amenyimwa.
Amenyimwa, amenyimwa.
Mchujaji wa barua taka, mgeni wa tangu jana,
ameomba kuingia kwenye foleni ya barua,
akaomba majalada ya watumiaji,
akaomba funguo za siri,
akaomba na mlango wa kutokea nje.
Mlinzi aliye ndani kabisa, kwenye kiini cha mashine,
hakumuuliza katumwa na nani.
Alitazama lebo aliyoshonewa kifuani.

"Izime hiyo sera," Zbyněk anasema simuni, ulimi mzito wa usingizi.
"Iache ionye tu, isizuie.
Asubuhi madaktari watataka majibu ya maabara,
si msimamo wako."
Naye hakukosea.
Barua elfu tatu zimekwama, na zinaongezeka.

Sheria ya zamani ilisema: mwenye faili ndiye mwenye hiari,
akipenda atampa hata mpita njia.
Hii imefuta kupenda.
Hata mkuu wa mashine, yule waitwaye mzizi,
akivaa lebo ya barua
ni mchukuzi, na mchukuzi hana shauri na mzigo.

Babu yake, Bohuslav, alikuwa tarishi wa Hodolany
enzi zile barua zilipopitia chumba cha nyuma,
chumba kisicho na kibao mlangoni,
birika likichemka humo mchana kutwa
na hakuna aliyeonekana akinywa chai.
Alizijua kwa kidole gumba:
gundi mpya hukwaruza.
Alizipeleka hivyo hivyo, akavua kofia,
akamwamkia mjane ambaye mwanawe aliandika toka Viena,
na mjane akapokea, naye akapapasa ukingo wa bahasha,
wakatazamana.
Maisha yake yote babu hakufungua hata moja.
Familia husimulia hilo kila Krismasi, kwa fahari.
Drahomíra peke yake huinamia sahani:
hakuna aliyemzuia, babu.
Uaminifu wake ulikuwa hiari yake
kama mvuke ulivyokuwa hiari ya mwingine,
jengo moja, mshahara mmoja, kikulacho na nguo yake.

Maombi manne, basi.
Anaandika mstari mmoja: mchujaji asome foleni.
Anaukagua, anafuta nukta iliyozidi, anaupakia.
Yale matatu anayaacha yagonge ukuta.
Huenda ni uzembe wa aliyemtunga, huenda ni meno.
Lebo haisomi nia.

Elfu tatu. Elfu mbili na mia tisa.
Zinateremka sasa, na yeye hajui
ipi ina habari ya uvimbe, ipi ya mtoto,
ipi inauliza tu maegesho yako wapi.
Hawezi kujua. Oktoba alijishonea lebo yake mwenyewe
na ufunguo wa kuifumua uko kwa Zbyněk,
ambaye amekwisha kusinzia, simu haijakatwa,
anakoroma polepole sikioni mwake.

Drahomíra anabandika birika.
Maji yanachemka.
Ni ya chai.