Pembe ya Kaskazini

Barua imefika pamoja na bili ya umeme,
mwandiko uleule wa kuegemea kushoto:
Irmeli, kipo kitabu cha saba.
Nahitaji nchi juu ya Ormava,
yenye mito miwili na mji uliochomwa moto.

Nchi!
Miaka kumi na tisa iliyopita nilimpigia simu,
wino unanikaukia kalamuni:
Hietamies, kaskazini kuna nini?
Akacheka, nikasikia kijiko kikigonga kikombe.
Hakuna kitu. Weka barafu. Weka mnyama.
Weka chochote kitakachomwambia msomaji: rudi nyumbani.

Nikaweka nyangumi.
Siku tatu, hapa hapa dirishani, mto Aura umeganda chini yangu
na watoto wanauvuka kwa kelele,
nilimkunja mkia ukapita ukingo wote wa karatasi
kama mshono wa mwisho kwenye mdomo wa gunia.
Watu husema hadithi ile aliifunga malkia
alipoutupa ufunguo kisimani, ukurasa wa mia nane na mbili.
Mimi najua ilifungwa na nani.

Binti yangu Pilvi alikuwa na miaka kumi na mmoja.
Alikimaliza usiku, chini ya meza ya jikoni,
akatoka na alama za zulia shavuni,
akasema: Basi.
Akaomba mkate.
Sijapata kusikia sifa ya kitabu iliyoizidi hiyo.

Sasa mzee anataka kuufumua mshono.
Najua kiporo kina utamu wake;
supu ya njegere ya Alhamisi huwa supu hasa siku ya Ijumaa.
Lakini hiki ni kiporo cha miaka kumi na tisa,
waliokula wameshaosha vyombo,
wengine wameshazikwa na ladha yake mdomoni.
Fundi Veikko, aliyejalidi toleo la kwanza,
alikufa akijua kwamba lango limefungwa.
Nani atakwenda kumwambia?

Nasikia paa la Hietamies linavuja.
Nasikia mchapishaji ndiye aliyebisha hodi kwanza, na keki mkononi.
Sitamcheka: bili ya umeme ipo mezani
na ni mimi niliyeisukuma chini ya barua, isionekane.
Hadithi haikuhitaji kitu.
Wenye kuhitaji ni sisi.

Nikampigia Pilvi, kule Oulu anakoendesha gari la kuzoa theluji,
nikitaka anisaidie kukasirika.
Akapiga ukelele wa furaha mpaka nikaondoa simu sikioni.
Nikamwambia: Lakini ulisema basi.
Akasema: Mama, nilikuwa na njaa.
Kisha, injini ikinguruma:
Na kile kisima kilikuwa na maji.
Penye maji, iko siku mtu ataleta ndoo.

Nimelilalia neno hilo siku mbili.
Wala hajanishinda. Mlango uliofungwa vizuri
nao ni kazi ya mikono, una fundi wake.
Na kama kitabu kikiwa kibaya?
Kile kizuri hakitasomwa tena peke yake;
kitakuwa kaka anayetembea na mdogo wake mlevi.

Leo asubuhi nimetandaza karatasi mpya.
Nikashika kifutio. Nyangumi akanitazama kwa lile jicho
nililomchora kwa unywele mmoja wa brashi.
Kumfuta nimeshindwa. Nimemsogeza magharibi, vidole viwili,
ukabaki ufa wa bahari nyuma yake,
mwembamba, wa kupita boti moja.

Mto wa kwanza nimeshauchora.
Wa pili nimeuacha bila mdomo
mpaka aniandikie, mpumbavu yule,
ni nani aliyeuchoma mji.