Kamba ya Katani

Boksi la sabuni ndilo boksi.
La biskuti ni kubwa, linavutia, lakini halina mgongo;
ukilitwika vitabu linakuaga mlangoni.
Nilijifunza kwa hasara tulipohama Makambako,
nina mimba ya Subilaga,
vikombe sita vikaondoka, vikafika vitatu na vipini vitano.

Safari hii nilidamka kwenda Mwanjelwa,
mlima Loleza haujavua ukungu,
nikabembeleza maduka matatu.
Mwenye duka la mwisho akaniuliza,
"Mnafungua biashara, mama?"
Nikamwambia, tunafunga.

Miaka kumi na minane katika nyumba hii ya reli, Iyunga.
Treni la mizigo likipita usiku
sahani zilikuwa zinaongea kabatini.
Sasa kimya. Kila moja nimeivika gazeti,
nikazipanga wima, si kuzilaza:
sahani iliyolala hubeba wenzake wote kifuani,
iliyosimama huupisha mtikisiko upite.
Glasi nimezivalisha soksi za Anyelwisye.
Alikuwa na soksi nyingi;
baridi ya Juni ilimjua kwa jina.
Palipobaki uwazi nikashindilia matambara,
maana kinachovunja vyombo si safari,
ni nafasi ya kuchezacheza.

Kizito boksi dogo, chepesi boksi kubwa.
Mafuta ya taa yasikae jirani na unga.
Jina liandikwe ubavuni, si juu;
la juu hufunikwa na boksi jingine
ukabaki unabahatisha.
JIKONI.
JIKONI TENA.
SUBILAGA, SHULE.
Kisha lile la koti la kazini, redio, filimbi,
miwani yenye mguu mmoja.
Nikakaa na kalamu mpaka wino ukaacha doa.
VYA BABA, nikaandika. Na chini yake: POLEPOLE.

Kilichokosa boksi ni fremu ya mlango wa jikoni.
Mistari ya penseli: Subilaga, minne. Subilaga, saba.
Lusekelo alipopona surua.
Lusekelo anampita dada yake,
na pembeni alama ya kucha, siku ile waligombana.
Mafundi rangi wanakuja Jumatatu.

Nikachukua kamba ya katani,
ncha nikaikanyaga kwa kisigino,
nikaivuta juu sambamba na fremu,
kila mstari fundo. Mafundo kumi na moja.
Nikaiacha dirishani, nikaenda kuepua chai.

Niliporudi, haipo.

"Gwakisa, kamba iliyokuwa hapa?"
"Nimefungia godoro, mama."
"Kamba ile?"
"Kamba si kamba?"
Fuso linanguruma, kuna viazi vya mtu vinamsubiri Ntokela,
na godoro limeshalala chini ya kabati,
kabati chini ya meza,
meza imepinduka miguu juu kama mbuzi wa sikukuu.

Uyole. Isyonje. Mvua ya Rungwe ikatupokea njiani,
turubai likapiga makofi hadi Tukuyu.

Mashemeji walishusha mizigo katikati ya migomba,
kila boksi likakijua chumba chake.
Hakuna glasi hata moja iliyopata ufa.
Nilipaswa kufurahi.
Godoro likaja mwisho, limelowa pembe,
na mmoja akachomoa kisu.
"Usikate!"
Wakanitazama kama watu wanavyomtazama mjane.

Nikaifungua mwenyewe usiku, kwa kucha, kwa meno,
tochi kwapani.
Fundo la Gwakisa lina haraka, linavuta upande.
Langu hukaa sawa.
Ndivyo nilivyodhani nitayatofautisha,
lakini maji ya mvua yalikuwa yameyakaza yote
yakafanana.

Asubuhi nikaisimamisha kamba kwenye mlango mpya,
kisigino juu ya ncha,
penseli ya Lusekelo mkononi.
Nikahesabu. Nikarudia.
Kumi na mawili.

Kuna mwaka mmoja humu ambao hatukuuishi.
Sijui ni upi.
Nimeuchora pamoja na mingine.