Herufi za Midomo

Jina la binti yangu linaanza na ghain.
Nililichagua mwenyewe, hospitali ya Ibra,
nikalijaza kwenye fomu kwa kalamu ya kuazima: Ghaniya.
Sikufikiri.

Maalim Sleyum, chuoni, alikuwa akitushika taya
kwa vidole vinavyonuka vitunguu
atuoneshe kila herufi na mlango inakotokea:
ain katikati ya koo,
ghain na kha juu yake,
qaf nyuma kabisa ya ulimi.
Na huku mbele, barazani: ba, mim, wau.
"Hizi hata mbuzi anazijua," alisema. Tukacheka.

Sasa nitazame mimi.
Mtoto ni Ghaniya, mama yake Atka, kwa ain ya kukaba,
na mimi Khalfan.
Nyumba nzima inakaa kooni,
naye ana miezi minane, bado yupo barazani.
Hata fa imemshinda: fa inataka meno ya juu,
anayo mawili, ya chini.

Bibi yake, Bi Thuweiba, mzaliwa wa Wete,
anayesema Kiswahili na kila kitu, hata mashine ya kufulia,
ana maelezo yake mafupi.
Mtoto akinyonya, midomo imefungwa.
Sauti ikitaka kutoka ipite wapi? Puani. Mmm.
Akiachia titi, kinywa kikafunguka, ndiyo ma.
Mara mbili, maana njaa haipigi hodi moja.
"Na baba?"
"Baba cheuo tu. Keshashiba, anachezea midomo."

Nikaondoka na cheuo changu hadi Marmul,
siku nzima ya basi na changarawe.
Wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani.
Usiku kiyoyozi kilikuwa kikisema m, m, m
na hapana aliyekiitikia.

Jumanne Atka akapiga simu. "Kasema baba!"
"Kamwambia nani?"
Kimya kidogo.
"Friji."
Kesho yake alimwambia paka.
Alhamisi aliiambia kofia yangu msumarini,
na Atka, kwa niaba yangu, akaitikia kwa sauti nzito: "Naam!"
Wakapiga makofi.
Paka na friji wakafutwa kwenye hesabu.

Nadhani ndivyo ilivyo. Mtoto hatuiti.
Ana mlango, anaufungua, anaufunga,
anapenda mlio wa bawaba.
Sisi ndio tunaotoka mbio jikoni na unga mikononi,
"Labeka! Labeka mwanangu!"
leo, kesho, mara mia,
mpaka ule mlio unageuka jina
na mtu aliyekimbia anageuka wake.
Mama, baba, dada, kaka, bibi:
nani mtu mzima angekaa chini atunge maneno haya,
silabi moja kuirudia kama mwenye kigugumizi?
Hawakutunga. Walikuwa jikoni, wakasikia, wakaja.

Jana usiku Atka alikuwa zamu, wodi ya wazazi,
akipokea watoto wa watu.
Saa tisa. Maziwa ya chupa yamepata moto kupita kiasi,
nayapooza bombani, najidondoshea mkononi,
bado, bado kidogo,
na Ghaniya begani amekunja ngumi, amekunja uso,
amekunja mpaka nyayo.
Midomo ikakutana. Sauti ikatafuta njia ya pua,
ikakosa subira.

"Mama."

Nikageuka kutazama mlangoni, kwa mazoea.
Viatu vya Atka havipo.
Akanivuta ndevu nimtazame yeye.
"Mama," akasema tena, wazi, kwa midomo yote miwili.

"Labeka," nikasema.