Mikono ya Kikapu

Milulu huja na basi la alfajiri kutoka Mufindi,
imefungwa kama kuni, bado na unyevu wa kinamasi,
na sisi wa Itunundu, ambako jua halina adabu,
tunaianika juu ya bati hadi isahau baridi ya kwao.

Sisi tunasuka tumbo la kikapu.
Wao wanashona mikono.
Hivyo ndivyo tulivyoandikishana kwa mtendaji:
kurasa mbili, mhuri, dole gumba la Udagwenga,
na sahihi yangu mimi, Sekalinga, imepinda,
kwa kuwa siku ile nilikuwa sijaamua kama nataka.

Mpunga ulikuwa umeanza kuinama.
Ukipita unaona ekari mbili na nusu zinakuamkia.
Usiku mmoja ng'ombe wakaingia.
Asubuhi palikuwa na matope na kwato,
na maji ya mfereji yakipita katikati bila aibu.
Mwanangu Lukelo alichukua panga, hakuniaga.
Wiki ile sisi tulizika wawili, wao wakazika mmoja.
Tulihesabu hivyo, huku na kule,
kana kwamba makaburi ni mabao.

Usidhani upendo ndio uliotukalisha mkeka mmoja.
Ilikuwa ada ya shule. Ilikuwa duka moja la Miyomboni
lililokataa vikapu vyetu kwa kuwa mikono inakatika,
likakataa na mikanda yao, imejaa tele mjini.
Mwenye duka, akitafuta chenji, hata hakututazama:
"Nileteeni kitu kimoja."

Kikao cha kwanza tulikaa kama wafiwa wa matanga mawili.
Ngozi zao zilinuka samli na moshi,
Semduda akajifunika pua kwa khanga.
Udagwenga akakigeuza kikapu changu juu chini,
akauliza, kupitia mtoto wa darasa la tano,
kama kinashika maziwa.
Nikasema hakishiki maziwa, kinashika unga.
"Basi kinajua kazi nusu."
Nilikasirika siku tatu.
Siku ya nne nilisuka kingine, kwa kukaza,
nikamimina maji ndani nimwone.
Yalivuja. Lakini polepole.

Tuligombania bei.
Sisi tunasuka siku nne, ninyi mnashona moja!
Na siku za kulainisha ngozi, wakauliza, anazihesabu nani?
Tukanyamaza, maana hatukuwa tumezihesabu.
Sanduku lina kufuli mbili,
ufunguo mmoja kwangu, mmoja shingoni mwake kati ya shanga,
na akihama na mifugo hakuna mkopo,
hata mtoto achemke kwa homa.
Mjukuu wangu alichemka.
Nilituma ujumbe kwa simu ya mchunga mbuzi, bila matumaini.
Usiku wa manane nikasikia bangili za shaba mlangoni.
Alifungua, akafunga, akaomba maji ya kunywa,
akarudi alikotoka.

Masika iliyopita tulibaki wawili, mvua imetufungia.
Alikuwa anatoboa kwa shazia ngozi ya madoa meupe.
Akasema, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea:
"Huyu ni yule. Alikatwa mguu kwenye mpunga wako.
Tulimchinja asubuhi. Ngozi nikaweka.
Sikujua naweka ya nini."
Hakusema aliyekata ni nani.
Mvua ilipiga bati.
Akavuta uzi, nami nikakishika kikapu
kisicheze.

Kiliuzwa elfu thelathini na tano, kama vingine.

Wanaume bado hawasalimiani pale mfereji unapogawanyika.
Lukelo akitukuta hupita nyuma ya nyumba,
ingawa juzi alitusogezea kigoda, akakiacha, akaenda.
Maji mwaka huu ni machache.
Udagwenga anatazama mbingu upande wake, mimi upande wangu,
na bado hatujafikia mapatano
nani alipe nauli ya milulu ya Jumatano.