Chumba hadi Chumba

Siku ya kumi na tisa Daktari Lyatuu
alivuta stuli, akakaa. Nikaogopa.
Madaktari wa Muhimbili hawakai.

"Tutaamka lini?" niliuliza. Ulimi uliteleza.

Akanionyesha karatasi: macho, mawili.
Sauti, moja. Mkono, tatu.
Sita kati ya kumi na tano.
Mwinshehe hesabu alipataga sita hiyohiyo,
mama akasema huyu atakuwa fundi.
Akawa fundi. Akapanda paa la godauni Vingunguti,
bati likamkana.

"Wenye sita wapo wanaozinduka," alisema,
"wapo wasiozinduka, wapo wanaobaki mlangoni.
Nikikupa namba, nitakudanganya kwa desimali."

Watu husema amepoteza fahamu,
kama mtu aliyedondosha funguo Kariakoo,
kama kwamba yupo atakayeziokota
apaze sauti: jamani, hizi za nani?

Sista Tumpale alileta kioo chake cha kujipodolea,
akakipitisha polepole mbele ya uso.
Macho yalikifuata. Au yalifuata feni.
Hatukuafikiana. Aliandika alama ya kuuliza.

Kisha nyaya kichwani, gundi nyeupe,
na daktari ameinama sikioni:
"Mwinshehe, uko kwenu. Fikiria unatembea,
chumba hadi chumba. Anzia mlango wa mbele."

Hakuijua nyumba yetu ya Buguruni.
Mlango wa mbele haufunguki tangu mafuriko,
tunapitia uani kwa mama Chausiku.
Labda basi amesimama pale,
mtiifu kama siku zote, anasukuma mbao iliyovimba,
na mashine inaandika: hakuna kitu.

"Mwambie apite uani," nilisema.
Akanitazama. "Mwambie wewe."

Ruka mtaro. Inama, kamba ya nguo.
Ndoo ya bluu iko kushoto, usiipige teke.
Pazia. Chumba cha mama, pita taratibu.
Chako: redio uliyoifungua,
skrubu zake bado ziko kwenye kisosi.

Mistari ilipanda na kushuka.
Ilikuwa ikipanda na kushuka hata kabla.
"Majibu siku nne, tano," alisema.
"Na yakija matupu,
haina maana nyumba ni tupu."

Usiku ule niliazima randa kwa jirani,
nikauchonga mlango wa mbele hadi saa sita,
maranda yakanijaa kwenye khanga.
Sasa unafunguka.
Unalia, lakini unafunguka.